Mgeni wa Nusu Chapa

Katika nchi ya Maungo hakuna anayekuuliza hujambo. Wanakuuliza bega. Ukikutana na mtu njiani, awe jirani yako wa miaka ishirini, awe mkweo, unafunua bega la kulia, anapapasa chapa uliyopigwa siku uliyozaliwa, naye anafunua lake unapapasa, kisha ndipo mnaweza kuulizana habari za nyumbani. Chapa ni moja nchi nzima. Ukiwa nayo, pita. Ukiwa na nyingine, umekwisha.

Na usidhani utasalimika kwa kwenda bila chapa, la hasha. Maungo wana vikosi viwili, na kila kimoja kinaamini ndicho kinachoshikilia mbingu zisianguke. Kikosi cha Wasomaji husoma mabega, na wakikuta maandishi ya kigeni wanaua. Kikosi cha Rungu hakijui kusoma wala hakitaki kujua. Chenyewe kinaua yeyote ambaye bega lake ni tupu. Mwenye chapa ya watu anauawa na hawa, asiye na chapa anauawa na wale. Wenyewe utaratibu huu wanauita Amani, na kila mwaka wanausherehekea kwa gwaride. Mimi nasimulia tu, sikuutunga.

Mtu wa kisa hiki ni Shaame, mkaguzi mkuu wa Wasomaji. Alizaliwa Uboho, kama askari wote wa nchi ile, kisha akapelekwa chuo cha juu kule Kifuani, ambako kati ya wanafunzi mia hufaulu watatu. Aliyefeli harudi kwao kulima. Anamalizwa hapo hapo, na mwenzake wa dawati anasogea kwenye kiti chake. Mtu akipita katika chuo cha namna hiyo hatoki na utani mwingi. Shaame alikuwa anapapasa bega hata la mtu aliyelala. Kifuani pake mwenyewe alikuwa na nishani mbili, zote za ushindi katika Bonde la Mfuko, na kila asubuhi alizisugua kwa mate na kitambaa mpaka zikamwonyesha pua yake.

Basi ikavuma habari kwamba Bonde la Mfuko lina mgeni. Si mgeni wa kupita, jamani. Ana mwezi wa tatu yuko pale, anakula, anakunywa, anakua. Alipoingia alikuwa kama punje ya ufuta, na sasa amefika ukubwa wa ndimu. Baya zaidi ni bega lake. Nusu ya chapa yake ni ya Maungo kabisa, herufi kwa herufi. Nusu ya pili haijawahi kuonekana nchini.

Baraza likaitishwa. Waziri wa Mipaka, Bwana Ngwali, mtu mnene aliyekuwa akizungumza huku amefumba macho, alisimama akasema: "Waheshimiwa, sheria inatukataza kumwua aliye wetu. Sheria hiyo hiyo inatuamuru kumwua asiye wetu. Mgeni huyu ni nusu yetu. Natoa hoja auawe nusu."

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likatoka kwenye viti. Hoja ikapita bila kupingwa, isipokuwa na Mheshimiwa wa Nyongo, ambaye tangu achaguliwe hajawahi kuunga mkono kitu chochote. Kisha likaja swali la nusu ipi. Siku ya kwanza walibishana kulia au kushoto. Siku ya pili juu au chini, na wajumbe wa Miguuni wakatoka nje kwa hasira, wakisema kila penye adhabu huonekana watu wa chini. Siku ya tatu Mheshimiwa wa Ini, anayejiona msomi kuliko wote, aliuliza nusu itakayobaki italelewa na nani, na kwa bajeti ya wizara gani. Hapo Baraza likafanya kile ambacho mabaraza hufanya yakichoka. Likaamua atumwe mkaguzi.

Shaame akakabidhiwa hati na baragumu. Hati ilimtaka ampime mgeni, aainishe nusu iliyo ya kigeni, na akiona haiwezekani kutenganisha, apige baragumu. Baragumu ile haijawahi kushindwa. Ikilia mara moja, kila mwenye silaha anayeisikia anaacha alichoshika na kuja kuua, na hasimami mpaka amalize. Kwa hiyo, msikilizaji wangu, lijue hili mapema: tangu saa ile uhai wa mgeni ulikuwa kwenye pumzi moja ya Shaame.

Safari siisimulii. Maungo nzima husafiri kwa mito. Mtu anajitosa, anabebwa, anafika, hakuna cha kusifia hapo. Shaame alipotia mguu kwenye ukingo wa Bonde la Mfuko, kitu cha kwanza kilichomshtua ni ukimya. Mahali pengine pote penye mgeni kengele za hatari hulia zenyewe mpaka watu wanaziba masikio. Hapa kengele zilikuwepo, zimetundikwa vizuri, zimepanguswa vumbi, na kila moja imejazwa pamba mdomoni.

"Loo," akasema Shaame. Kwa mtu wa chuo kile, hiyo ilikuwa hotuba.

Alipopanda kidogo akawakuta watu wa Rungu, mia kadhaa, tope mpaka kiunoni, wanachimba. Mkubwa wao alikuwa Sajini Machano, mtu mwenye shingo nene kama kinu, ambaye katika vita vya Koo inasemekana aliua maadui mia mbili kabla ya staftahi.

"Sajini! Rungu lako liko wapi?"

"Lile pale, afande."

Rungu lilikuwa limesimikwa ardhini, limeanikwa shati.

"Mnaua nini hapa?"

"Udongo, afande."

Shaame akatoa makaratasi kwenye mkoba. "Mimi nimesoma taarifa zako. Kila mwezi unaandika: kazi inaendelea kwa bidii, hakuna aliyetega."

"Na uongo uko wapi?" Machano akajifuta jasho kwa mkono wa tope, uso ukazidi kuchafuka. "Mito ya hapa ilikuwa myembamba, inajipindapinda, maji yanakuja kwa kasi halafu hayafiki. Tumeipanua. Sasa yanaingia polepole, tele, mpaka kwa mgeni. Tazama mwenyewe, afande, ule mfereji wa tatu. Sijui kama umeshaona mfereji uliochimbwa vile."

"Nani aliwaamuru?"

"Hakuna. Tulikuja kumwua. Tukapapasa mabega ya watu wake wa ukutani tukakuta si matupu. Sisi kazi yetu ni bega tupu, afande, na lile lina kitu. Sasa tukae tukitazamana? Tukachukua majembe."

Waswahili tuna usemi wetu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bonde la Mfuko walikuwa wameugeuza: siku ya tatu mgeni ndiye aliyewapa wenyeji majembe, nao wakashukuru. Shaame hakushukuru. Aliandika kwenye daftari lake, "Kikosi cha Rungu kimeharibika," akapiga mstari chini yake mara mbili.

Hao watu wa ukutani walikuwa jamaa za mgeni mwenyewe. Walitangulia mbele yake, wakajichimbia katika ardhi ya bonde, wakajenga ukuta mnene baina yake na nchi, na mahitaji yote yakawa yanapitia kwenye matundu yao. Shaame alimkuta mwanamke mmoja juu ya ukuta anapiga lipu, akamwamuru afunue bega. Mwanamke akafunua bila hata kuacha mwiko.

Ilikuwa chapa ya kale sana, imesagika mpaka imekuwa laini, ile ambayo inasemekana kila taifa duniani liliwahi kuivaa kabla watu hawajaanza kutofautiana. Haikusema mimi ni wenu. Haikusema mimi si wenu. Kwa kadiri Shaame alivyoweza kuisoma, na alikuwa msomaji hodari, ilisema, "Tafadhali."

"Hii si chapa!" akafoka. "Hili ni ombi!"

"Sheria yenu inasemaje juu ya kuua ombi?" akauliza yule mwanamke.

Shaame akafungua kitabu cha sheria, akatafuta mwanzo mpaka mwisho, akatafuta tena kwenye nyongeza. Hakukuta kitu. Mwanamke alikuwa ameshamaliza upande ule na kuhamia mwingine.

Sasa bonde lile lilikuwa na kikosi cha tatu, ambacho Kifuani hakitajwi sana mbele za watu. Kinaitwa Watulizi. Ni askari wa chuo kile kile, mitihani ile ile, ila kazi yao ni kumkalisha chini kila mwenye silaha aliyepandwa na mori. Mkuu wao alikuwa Tufaha, na Tufaha alisoma darasa moja na Shaame. Alimkaribisha barazani kwake, akamtilia kahawa, akamtazama usoni.

"Shaame wee. Bado unao ule uso wa chumba cha mtihani?"

"Nimekuja kikazi, Tufaha."

"Na wale wote walikuja kikazi." Akaonyesha ukutani kwake. Yalitundikwa hapo mabaragumu thelathini na saba, aliyowanyang'anya maafisa waliotangulia. "Lako utanipa lini?"

"Hili hulipati."

"Haya. Kunywa kahawa, isipoe."

Siku kumi walibishana, maana Shaame alihitaji siku kumi za kupima. Kila asubuhi alikwenda ukutani na kamba yake, akampima mgeni kupitia matundu, upande wa kushoto, upande wa kulia, na kila jioni vipimo vilikuwa vimeshapitwa, kwa kuwa mgeni alikuwa amekua. Akirudi anamkuta Tufaha na birika.

"Chapa ile ngeni haikutii hofu?" Shaame alimwuliza jioni moja.

"Tumeizoea kitambo. Ilianza kufika bondeni kabla ya mgeni mwenyewe, tena si mara moja. Mwenye nayo alikuwa hodi yake haikatiki." Tufaha akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Shaame hakucheka, ila masikio yalimwiva.

"Mmelala usingizi," akasema. "Mtu yeyote anaweza kuingia hapa."

Kesho yake, wakati Shaame amelala kifudifudi anapima unyayo wa kushoto wa mgeni, majambazi sita wa kweli walipenya kwa lango la chini, wenye visu na njaa, wanaouma chochote. Machano aliweka jembe chini. Akavua shati kwenye rungu, akaenda, zikasikika kelele fupi, akarudi, akaanika tena shati, akaendelea na mfereji. Shaame aliposimama kujikung'uta vumbi kazi yote ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyemtaja mgeni wala kumgusa. Alisimulia jambo hilo kwenye daftari kwa maneno machache sana, maana halikumsaidia hoja yake.

Siku ya kumi akamaliza. Akaketi barazani, akasema, "Haitenganishiki. Nimepima kila pahala. Hakuna upande wa kwetu na upande wa kigeni. Kila ncha ya kidole chake ni nusu kwa nusu. Hati inasema nipige."

Akaitoa baragumu. Tufaha hakuikimbilia. Aliweka kikombe chini.

"Kabla hujapiga, niambie nishani yako ya kwanza ulipewa kwa lipi."

"Unajua. Ushindi wa Bonde, mwaka juzi."

"Adui alikuwa na ukubwa gani?"

Shaame akasita. "Kama kunde."

"Na ya pili, mwaka jana?"

"Kama tende. Tufaha, mambo ya..."

"Na baada ya ushindi ule, siku arobaini zile, nchi ilikuwaje?"

Shaame alikumbuka. Nani asingekumbuka? Chakula kilikatika nchi nzima. Mito ikaenda kwa kujikokota. Kifua kikatikisika usiku na mchana, mitikisiko mifupi mifupi inayofuatana, na kwenye Malango ya Macho yakabubujika maji ya chumvi yakafurika mpaka Mashavuni. Baraza liliunda Tume ya Mtikisiko. Tume ilikaa miezi minne, ikatoa kitabu, na hitimisho lake lilikuwa kwamba chanzo ni ujenzi holela.

"Haukuwa ujenzi," Tufaha akasema. "Nchi hii ina mwenyewe, Shaame. Ni mwanamke. Alikuwa analia."

Ni lazima nieleze hapa kwamba katika Maungo kusema nchi ina mwenyewe ni kosa. Baraza lilishapiga kura juu ya hilo, likaamua kwamba nchi haina mwenyewe isipokuwa Baraza. Shaame akainuka aondoke.

"Kaa!" Kwa mara ya kwanza Tufaha alipaza sauti. "Si kila mgeni aliyeondoka tulimwua sisi. Wengi hufika wamechoka tangu njiani, nao huanguka wenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Lakini wale wawili walikuwa wazima. Mimi nilikuwepo. Nilichelewa, nilikuwa na watu wanane tu, ninyi mlikuja elfu. Wewe ulipiga hiyo hiyo uliyoishika. Mkavishana nishani, na huko juu kuna mtu alikaa sakafuni siku arobaini ameshika tumbo, na bado mnaandika vitabu juu ya ujenzi!"

Shaame akarudi kukaa, akaitazama kahawa. Mimi nimewahi kuwaona watu wa namna yake, hawalii, hawajafundishwa. Alichofanya ni kuinuka, akaenda ukutani peke yake, bila kamba.

Akatia mkono kwenye tundu. Huko ndani palikuwa na maji ya vuguvugu, na mgeni alikuwa anaelea humo, anajipindua, hana habari na hati wala hoja. Bega lake lilikuja lenyewe likagusa vidole vya mkaguzi. Shaame akasoma. Nusu ya kwanza aliisoma kama asomavyo jina lake. Nusu ya pili aliisoma herufi moja moja, anarudia, mdomo unamchezacheza kama mwanafunzi, na alipofika mwisho akaanza tena. Alikaa pale muda mrefu. Kisha akarudi barazani akaweka baragumu mezani mbele ya Tufaha.

"Nitawaandikia nini?" akauliza.

"Waandikie uchunguzi unaendelea."

Naye akaandika hivyo. Mwezi wa nne akaandika uchunguzi unaendelea. Mwezi wa tano akaandika uchunguzi unaendelea, umefikia hatua nzuri. Mwezi wa sita aliomba karatasi zaidi. Neno hilo "unaendelea", ndugu zangu, limeokoa roho nyingi kuliko majeshi. Huko Baraza hawakuona kasoro, kwa sababu nao walikuwa wanaendelea: walishakubaliana auawe nusu ya chini, ila kamati ya kubainisha kiuno kiko wapi ilikuwa haijapata akidi.

Shaame alijifunza kuchimba. Alikuwa mchimbaji mbaya, Machano akimcheka waziwazi, "Afande, unasoma udongo au unauchota?" Mwezi wa saba alianza kutambua mateke ya mgeni, la kuamka na la kukasirika. Mwezi wa nane, mgeni akipitisha asubuhi bila kujigeuza, mkaguzi mkuu wa Wasomaji alikuwa hawezi kula.

Mwisho wa mwezi wa tisa bonde lilikuwa limejaa hata watu wanatembea upandeupande. Ukuta ulianza kuchoka, matundu yake yanaziba. Tufaha akamwita Shaame, akamrudishia baragumu kwa mikono miwili.

"Sasa piga."

Shaame akarudi nyuma. "Wewe una wazimu?"

"Akikaa zaidi atakufa kwa njaa humu humu. Tulizuia isilie kabla ya wakati, hatukusema isilie milele. Nimeshatoa pamba kwenye kengele. Watu wakija watakuta kazi ya kusukuma, si ya kuua. Piga, Shaame, na upige kwa nguvu."

Akapiga. Aliniambia aliyenisimulia kwamba hakuna mtu aliyewahi kuipiga baragumu ile huku anamwombea mgeni namna ile. Kengele zikaitika. Askari wakamiminika kutoka kila pembe, na Watulizi wakawaelekeza njiani: huku, shika hapa, sukuma! Bonde likajikaza, likalegea, likajikaza. Nchi nzima ikapiga kelele. Ikawa hivyo kutwa nzima, mpaka ikaja nguvu moja iliyozidi zote, na Bonde la Mfuko likawa tupu.

Habari zilifika Baraza kabla maji hayajakauka. Waziri Ngwali akafumbua macho, jambo la nadra, akatangaza kwamba mgeni amefukuzwa, mzima mzima, pande zote mbili, na kwamba huo ni ushindi mkubwa kuliko wote katika historia ya Maungo. Kamati ya Kiuno ikavunjwa kwa shukrani. Shaame akavishwa nishani ya tatu, kubwa kama kisosi, na Mheshimiwa wa Ini akasoma hotuba juu ya uthabiti wa mipaka.

Hotuba ilikuwa katikati sauti ilipoingia kwa Malango ya Masikio.

Ilikuwa nyembamba, kali, imejaa malalamiko, inatoka nje. Hakuna aliyeifahamu isipokuwa waliowahi kuchimba mifereji. Lakini nchi iliifahamu. Kule Kifuani yalifunguka mabwawa mawili ambayo hata ramani za wizara hazikuwa nayo, na mito myeupe ikaanza kushuka, Baraza halijaamuru, halijajadili, halijaulizwa. Mitikisiko ikaja tena, na Mheshimiwa wa Ini akaingia chini ya meza, akitaka Tume. Machano alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa wageni na matope yake. "Anacheka," akasema, "Mwenyewe anacheka, enyi wajinga," na akaanza kulia yeye.

Siku ile ile likabandikwa tangazo, halina saini ya mtu. Lilisema kwamba aliyetoka yuko nje kwenye baridi. Kwamba nje kumejaa majambazi wa kila aina. Kwamba kabla ya kutoka alipewa walinzi wachache kupitia ukutani, nao hawatadumu miezi mingi. Na kwamba yeye mwenyewe hana bado askari hata mmoja anayejua kusoma. Wanatakiwa wa kwenda na mito myeupe. Anayekwenda harudi.

Baraza likaingia kwenye mjadala wa dharura: je, ni halali kutumia askari wa nchi kumlinda mtu aliyefukuzwa nchini? Mheshimiwa wa Nyongo alipinga. Waziri akapendekeza alindwe nusu.

Shaame hakungoja kura. Alikwenda Kifuani kwa njia ile ile aliyopita alipokuwa mwanafunzi, akapanga foleni kwenye mlango wa mabwawa. Mezani alikaa karani mmoja, mwanamke mtu mzima, anaandika majina.

"Jina?"

"Shaame."

"Cheo?"

"Msomaji."

Karani akainua macho, akaiona nishani ya kisosi, akamtambua. "Si ndiye wewe uliyemfukuza?"

"Ndiye mimi."

"Unajua hakuna kurudi."

"Najua."

"Na unajua yule ni nusu tu ya kwetu."

"Nusu ile nyingine nimeisoma pia. Naijua kwa moyo."

Karani akaweka kalamu. Alizungumza kwa upole, kama mtu ambaye ameshalisema jambo hilo mara nyingi. "Basi ujue na hili, mzee wangu, maana wenzako wengi hawalifikirii mpaka wameshafika. Kule ni kwake. Mgeni utakuwa wewe. Bega lako hili kule ni nusu wanayoijua na nusu wasiyoijua. Wakikupokea, heri. Wakikukataa, sisi hapa hatuwezi kukusaidia."

Shaame alikuwa amesoma mabega ya watu maisha yake yote. Mkono wake ulipanda wenyewe ukafunika bega lake, na kwa mara ya kwanza akajua hofu ya anayengoja kusomwa. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, tulivu. Huko nje ile sauti ikaanza tena, kwa hasira, haijui sheria, haijui hoja, haijui nusu.

Akashusha mkono.

"Fungua mlango, mama," akasema. "Mtoto ana njaa."